Pweto bila kujuta: jipange ukiwa bado Kenya, Lubumbashi

Umetazama kwenye simu picha za miji ya Italia kando ya Ziwa Como, ukatamani. Sikiliza: Como lina kilomita za mraba 146. Ziwa letu la Moero lina zaidi ya 5,000, na hulipii viza. Pweto iko kwenye ncha yake ya kaskazini, humu humu Haut-Katanga. Ila barabara haimwonei huruma asiyejipanga. Fanya hivi.

Chagua mwezi. Nenda kati ya Juni na Septemba. Mvua zikishakolea, lori linalala kwenye matope, na wewe unalala nalo. Juni na Julai asubuhi ni baridi, beba sweta.

Mbane dereva kabla ya kulipa. Njia inapita Kasomeno. Hapo wa Kasenga wanashika upande wao, wa Kilwa na Pweto wao. Muulize: gari linafika Pweto kweli, au linaishia Kilwa?

Lala Kilwa. Usiimalize safari kwa pumzi moja. Kilwa iko ufuko wa magharibi, kwa hiyo jua linachomozea majini, upande wa Zambia. Amka alfajiri ushuke ufukweni.

Usivuke ovyo. Kisiwa cha Kilwa kiko jirani, lakini ni cha Zambia. Mwenye mtumbwi akikwambia "twende tu", mwambie asante. Kadi yako ya mchaguzi isitoke mfukoni, na usipige picha askari wala ofisi za mpaka. Zima roaming pia: mtandao wa ng'ambo ukiishika simu, utakumalizia mega.

Badilisha pesa mapema. Beba faranga za noti ndogo. Dola yenye mchaniko hata wa ukucha, iache nyumbani, hakuna atakayeipokea.

Uliza kabla ya kuoga. Mamba wapo, kichocho kipo. Mvuvi ndiye anayejua pa kuingia na pa kukaa mbali. Akisema upepo unainuka, hakuna kupanda mtumbwi, usibishane naye. Usiku, chandarua.

Kula samaki wa makobo aliyevuliwa siku hiyo. Agiza na bukari (ugali), na mpatane bei kabla hajaingia kwenye sufuria.

Tembea hadi Luvua. Hapo Pweto ndipo mto unapotoka ziwani kwenda kukutana na Lualaba. Ukiwa na saa moja tu ya kuzurura, itumie hapo.

Samaki wakavu nunua siku ya mwisho. Bonyeza mgongoni: akibonyea, hajakauka. Mfunge kwenye gunia, si kwenye plastiki, asije akaota ukungu njiani. Ukirudi, pita naye soko la Kenya uulize bei. Utajua mara moja kama ulinunua vizuri.