Ukitaka Kufungua Tuisheni, Angalia Mwezi

Wanachuo wenzangu, bumu likikata wengi tunawaza kuuza chipsi au mitumba. Sisi wa ualimu tuna bidhaa nyingine: tuisheni. Nimeiendesha miezi saba Luchelele, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tafuta pengo. Tangu 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, kwa hiyo mzazi hatakulipa urudie yale mtoto anayopata bure. Pengo lipo kidato cha kwanza. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ghafla anaulizwa kwa Kiingereza. Kujumlisha sehemu anajua vizuri tu. Asichojua ni swali linataka nini. Nikaanzia hapo.

Pili, piga hesabu kabla hujanunua ubao. Watoto 14 kwa shilingi 10,000 kwa mwezi ni 140,000. Toa chumba 40,000, chaki na fotokopi 20,000. Kwenye karatasi nilibaki na 80,000. Mwezi wa kwanza walilipa tisa tu, nikabaki na 30,000.

Tatu, na hili darasani hatukufundishwa: jua mzazi anapata hela lini. Mimi nilidai tarehe 30, asiyelipa nikamrudisha nyumbani. Mmoja alikuwa mtoto wa mvuvi wa dagaa, ndiyo kwanza ameanza kuelewa sentensi za Kiingereza. Baada ya wiki mbili baba yake alinifuata. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwalimu, siku ile hukuona mwezi?"

Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti, mitumbwi inalala ufukweni. Tarehe 30 yangu iliangukia humo. Yule baba hakukataa kulipa. Nilimdai siku ambayo ziwa halikuwa limempa kitu.

Mtoto alirudi, lakini wiki mbili zilikuwa zimempotea, na mengi tulianza upya. Hiyo ndiyo hasara iliyoniuma, kuliko hela.

Siku hizi wavuvi wanalipa giza likiisha, mama ntilie analipa 500 kila siku ya kipindi, mwenye mshahara analipa mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita walilipa 13 kati ya 14, na wa kumi na nne yumo darasani. Kwa hiyo ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa kujitambulisha, usiulize chumba tu. Uliza pia watu wa pale wanakula kwa kazi gani, na hela yao huingia siku zipi.