Kiingereza Kichafu Bila Kuaibika: Vidokezo 7 vya Haraka

Kiingereza cha shuleni hutufundisha kuomba kazi na kuandika barua ya udhuru. Kile cha uchafu na matusi tumeziachia filamu zitufunze, na filamu, jamani, hazina adabu. Matokeo yake? Unacheka pa kununa, unanuna pa kucheka. Usijali! Siri ni moja: tazama neno limekaa na nani, na nani anamwambia nani. Haya, twende kazi.

1. Taja uchafu, muache mtu
"Dirty" ni uchafu wa kila siku: vyombo, soksi, madirisha. "Grubby" ni wa mikono ya mtoto aliyetoka kucheza. "Filthy" ni uchafu uliopindukia. Mgeni wa hoteli akikuambia chumba ni "filthy", usibishane, kimbilia ufagio na meneja kwa pamoja! Unataka kumwambia mtu bila kumuudhi? Taja kilichomchafua. Shati lina vumbi? "Dusty." Tope? "Muddy." Mafuta ya chipsi? "Greasy." Hapo umelisema shati, mwenyewe hujamgusa.

2. Si kila "dirt" ni ya kuoshwa
Mmarekani akisema watoto wanacheza kwenye "dirt", ana maana ya udongo tu. Mwingereza huuita "soil" au "earth". "Dirt road" ni barabara ya vumbi, ile ya kwenda kwa bibi. "Dirt cheap" ni bei ya kutupa, kwa hiyo changamka ununue! Ila "dirty money" ni pesa haramu, na "dirty joke" ni mzaha wa chumbani. Ujanja: jifunze maneno haya mawilimawili, kama kandambili. Moja peke yake halikufikishi mbali.

3. "Gross" ya mshahara haina kinyaa
Kijana akiona mende kwenye sahani atapiga kelele "gross!", yaani kinyaa. Kwenye hati yako ya mshahara, neno hilohilo ni jumla kabla ya makato (kinyaa huja ukitazama kilichobaki). "Crude" nayo ni vivyo hivyo: mzaha wa "crude" ni wa kihuni, lakini "crude oil" ni mafuta ghafi, kama ya lile bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga. Hata "vulgar", inayotajwa kwa lugha chafu, imo kwenye vitabu vya zamani vya hesabu: "vulgar fractions" ni sehemu za kawaida tu, maana asili ya neno hilo katika Kilatini ni watu wa kawaida. Basi pesa, mafuta au hesabu zikiwa jirani, pumua. Ukiona mzaha au ishara ya mkono, watoe watoto sebuleni.

4. "Foul" haichezwi uwanjani tu
Mpirani unaijua: faulo! "Foul language" ni matusi, na Sheria ya 12 ya soka inampa kadi nyekundu mchezaji anayetukana. "Foul smell" ni uvundo. Lakini ukisoma kwamba polisi wanashuku "foul play", hakuna refa hapo: wanashuku kuna mkono wa mtu, mara nyingi kwamba marehemu aliuawa. Ukikutana na maneno hayo kwenye habari ya msiba, usiulize nani alifunga bao. Toa pole.

5. Safari ya msalani
Daktari akiomba "stool", usimsogezee stuli! Anataka choo chako kwa ajili ya vipimo. Kwa watoto, Waingereza husema "poo" na Wamarekani "poop". Naye Mmarekani akiuliza ilipo "bathroom" au "restroom", hataki kuoga wala kupumzika. Weka taulo chini, mwoneshe msalani. Sisi wenyewe si huaga kwamba tunakwenda haja? Tasfida ni tasfida. Ukiwa na haraka, "toilet" itaeleweka popote. Ukiwa na Mmarekani, "bathroom" inasikika laini zaidi.

6. Neno huvuka bahari likageuka
Marekani, "fanny" ni makalio, na mkoba wa kiunoni huitwa "fanny pack" bila aibu. Uingereza, neno hilohilo ni sehemu ya siri ya mwanamke! "Pants" za Marekani ni suruali, za Uingereza ni chupi. Na "bloody", neno la ukali la Waingereza? Mwaka 1914 ilipotamkwa jukwaani London katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, ilizua gumzo la mji mzima. Mwaka 2006 Australia iliiweka kwenye tangazo la kuwakaribisha watalii. Uingereza ikaizuia kwanza kwenye televisheni. Kwa hiyo kabla ya kusifia suruali ya mtu, ujue katokea wapi. Au sema "trousers", uwe salama kote.

7. Lielewe, lakini likae kifuani
Lile la F na lile la S yanamwagika kwenye filamu, na kwa kuwa hukukemewa nayo utotoni, hayakuchomi ulimi. Mtego uko hapo: wewe unahisi unatania, mwenzako anasikia tusi zito. Waingereza wenyewe, kwenye televisheni, huyasubirisha maneno makali hadi baada ya saa tatu usiku. Kipimo chetu ni rahisi: je, tafsiri yake ungeitamka mbele ya mama mkwe? Kama hapana, chukua mbadala: "sugar!", "shoot!" au "oh dear!" Hata kidole kikibanwa na mlango, yanatosha.

Zoezi la leo: washa maandishi ya chini ya filamu, chagua maneno matatu ya uchafu, uandike kila moja na jirani yake, pamoja na nani alimwambia nani. Fanya hivyo wiki nzima. Bosi akicheka utajua kwa nini, na akinuna utajua mapema!