Kabla hujatoa hela ya kiwanja

Shilingi ikiyumba na mfuko wa saruji ukipanda bei, wengi hukimbilia ardhi. Kiinua mgongo, mkopo wa saccos, pesa za upatu, zote zinapelekwa Chanika au Kibaha kwa sababu dalali amesema wiki ijayo bei itakuwa nyingine. Haraka hiyo ndiyo inayowaliza watu.

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anayenunua kiwanja chenye hati ananunua haki ya kukitumia kwa miaka isiyozidi 99, na haki hiyo huhamia kwake uhamisho unaposajiliwa, si siku anapohesabu noti. Basi usiridhike na nakala aliyokuja nayo muuzaji. Omba upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio.

Kiwanja kisichopimwa kina hatari zaidi. Barua ya serikali ya mtaa inaonyesha kwamba mliuziana. Haithibitishi kuwa muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Waulize majirani wa pande zote, kisha uende ofisi ya ardhi ya halmashauri ujue kama eneo limetengwa kwa barabara.

Linalosahaulika mno ni mwenzi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukinunua kwa baba huku mama hana habari, umenunua kesi. Mama akae mezani, asome, asaini. Na mali ikiwa ya marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hana, hata akiwa ameshika hati.

Mkataba uwe wa maandishi, kwa kuwa makubaliano ya mdomo tu hayakupi nguvu mahakamani. Unalipa kwa awamu? Iandikwe ukikwama utarudishiwa kiasi gani, ndani ya siku ngapi. Nyakati ngumu kipato hukatika ghafla, na kipengele hicho ndicho kitakachokuokoa. Pesa zipite benki.

Dalali akikuambia hakuna muda wa upekuzi, kaa na hela yako.