Kioo Cheusi: Namna ya Kutafuta Kosa la Kadi ya Picha katika Linux



Habari imekwisha kuenea katika internat ya kwamba kapita wenu aliharibu mashine ya mjomba wake. Ni kweli. Sitakataa. Lakini niliitengeneza tena, na katika kuitengeneza nilijifunza mambo ambayo sikuyapata katika somo la informatiki. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu niyaeleze, kwa maana wengi kati yenu mnayo Linux nyumbani, na siku moja kioo kitakuwa cheusi mbele yenu pia.

Mbele ya yote tujue vitu viwili. Kadi ya picha ndiyo chombo kinachochora kila kitu unachokiona kwenye kioo. Dereva, ama piloti kama wengi wetu tunavyoita, si chombo. Ni programu inayofundisha kerneli namna ya kusema na ile kadi. Na kerneli ndiyo moyo wa Linux, ile kazi aliyoianza Linus Torvalds katika mwaka 1991, akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Kadi ikiwa nzima lakini dereva haiko, utaona giza tu, sawa na mtu mwenye macho mazima ndani ya chumba bila taa.

Sasa, madereva hayafanani. Kadi za Intel na za AMD zinazotumika siku hizi zina madereva yanayokuja ndani ya kerneli yenyewe, kama vile i915 na amdgpu. Ukibadili kerneli, dereva inakuja pamoja nayo. Kwa kadi za NVIDIA mambo ni mengine. Kuna dereva iitwayo nouveau, ambayo watu wa kujitolea waliitengeneza kwa kuchunguza kadi zenyewe, ikaingia katika kerneli mwaka 2010. Tena kuna dereva ya kampuni yenyewe, inayokwenda mbio zaidi. Sehemu yake ya kerneli ilikuwa imefungwa mpaka mwaka 2022, ndipo kampuni ikaanza kuifungua kwa kadi za jamii ya Turing na zilizofuata. Hii dereva ya kampuni inapaswa kujengwa upya kwa kila kerneli mpya. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo DKMS, nayo haiwezi kujenga kitu bila faili za kerneli ile ile, zinazoitwa linux-headers. Shikeni neno hilo, ndilo lililoniangusha.

Mjomba wangu ana kibanda cha kupiga mashine na kuchapa karatasi. Kompyuta yake ina Linux Mint na kadi ya NVIDIA. Siku moja usiku umeme ulirudi, nikasema nitumie nafasi hiyo kuingiza kerneli mpya. Mega zilikuwa kidogo kwenye simu, basi nikachukua kerneli peke yake, nikaacha headers. Nilijiona mwenye akili sana. Asubuhi mjomba akawasha: kioo cheusi, na kamstari kadogo kanawaka na kuzima pale juu kwenye kona.

“Weye mutoto, umefanya nini na mashine yangu? Kuna memware ya watu humu ndani! Wanakuja kuikamata leo saa kumi!”

“Mjomba, unisamehe. Nilikuwa nataka tu kuifanya mupya.”

“Nani alikutuma?”

Sikuwa na jibu. Rafiki yangu mmoja alinishauri tufute yote na kuweka Linux upya. Ningalimsikia, ile memware ingalipotea kabisa. Angalieni sana hapa: kazi za watu zinakaa katika diski, hazikai katika kadi ya picha. Kioo cheusi si kusema faili zimekufa. Usifute kitu kwa hofu.

Jambo la kwanza ni kuuliza giza lilianza wapi. Kama alama ya mtengenezaji wa mashine haionekani kabisa ukiwasha, ama mistari ya rangi inaonekana hata kabla Linux haijaanza, shida iko katika chombo chenyewe ama waya. Tazama kama waya wa kioo umechomekwa katika kadi, si katika tundu lingine la nyuma ya mashine. Wengi wanakosea hapo, hata watu wazima. Tazama tena vumbi. Vumbi letu jekundu linaziba feni, kadi inapata joto, na picha inakatika kiisha dakika chache za kazi. Zima, chomoa, safisha kwa brashi kavu.

Kwa mjomba alama ilionekana vizuri, kwa hiyo kadi ilikuwa nzima. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja. Yakatokea maandishi yakiniomba jina na neno la siri. Nilifurahi kuliko siku ya palmares! Linux ilikuwa hai, picha tu ndiyo ilikosekana. Nikaandika:

lspci -k

Amri hii inaonyesha kila kadi na dereva inayoitumikia. Chini ya mstari wenye neno VGA tungepaswa kuona “Kernel driver in use”. Haikuwako. Nikaandika uname -r, ikanipa namba ya kerneli mpya. Nikaandika dkms status, ikaonyesha kwamba dereva ilijengwa kwa kerneli ya zamani tu. Basi kosa likajulikana. Na nouveau je, kwa nini haikusaidia? Kwa sababu dereva ya kampuni ikiwekwa, inaifungia nouveau mlango ili zisigombane. Hivyo kadi ikabaki bila dereva hata moja.

Watu wa memware walikuwa njiani, kwa hiyo sikutengeneza kwanza. Nilizima na kuwasha tena huku nimeshika Shift. Katika mashine mpya zenye UEFI ni Esc. Orodha ya GRUB ikatokea, nikachagua “Advanced options”, kisha kerneli ya zamani. Picha ikarudi! Mjomba akachapa, watu wakachukua karatasi zao. Kwa hiyo kerneli ya zamani usiifute upesi.

Jioni niliunga simu kwa waya wa USB kupata intaneti, nikaandika sudo apt install linux-headers- na kumalizia palepale, bila kuacha nafasi, kwa ile namba ya kerneli mpya. DKMS ikajenga dereva yenyewe. Kuwasha tena, picha ikakaa.

Wengine watakuta sababu nyingine. Kama dereva imejengwa lakini inakataliwa na maneno “Key was rejected by service”, ni Secure Boot inayokataa programu isiyo na sahihi. Utaijua kwa amri mokutil --sb-state. Kama kadi ni ya zamani sana, dereva ya kampuni ya namba 340 ilifika mwisho mwaka 2019, ya 390 mwaka 2022. Usihangaike nazo katika kerneli mpya, ondoa dereva ya kampuni urudie nouveau. Tazama pia df -h, kwa maana sehemu ya /boot ikijaa, kerneli mpya inaingia nusu. Na kama hata maandishi hayatokei, katika GRUB bonyeza e, ongeza neno nomodeset mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Hiyo ni fimbo ya kilema tu: utaona picha, lakini pole pole, na ukizima neno hilo linapotea.

Mashine ya mjomba inafanya kazi hadi leo. Mimi ninaruhusiwa kuigusa Jumamosi tu, na yeye akikaa kando yangu.

Kapita wenu, mwaka wa sita