Somo la Kamera: Kupiga Picha kwa Hali ya M



Ukimpiga bibi picha akiwa mbele ya dirisha, mara nyingi dirisha hutoka vizuri na uso wake hugeuka kivuli. Ndugu walio nyumbani, ambao hawajamwona kwa miaka, hawapati walichokitaka. Somo hili litakusaidia kuutoa uso huo.

Kwa nini uso hupotea?

Kamera inapojipangia yenyewe, hupima mwanga ulio mbele yake na kutafuta wastani, kana kwamba kila kitu kina rangi ya kijivu. Ikiona dirisha jeupe, hupunguza mwanga, na uso mweusi huzama gizani. Uso mweusi na nguo nyeusi vikijaza picha, huongeza mwanga, na ngozi hutoka imepauka. Ukizungusha gurudumu la kamera hadi herufi M, uamuzi unakuwa wako.

Mambo matatu ya kupanga

1. Tundu la lenzi. Huandikwa f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Namba ndogo ni tundu kubwa, na mwanga mwingi huingia. Kila ukipanda hatua moja, mwanga hupungua kwa nusu.

2. Kasi. Namba 1/60, 1/125 na 1/250 ni sehemu za sekunde. Kasi ya 1/250 huingiza nusu ya mwanga wa 1/125. Chini ya 1/60 mkono ukitikisika kidogo tu, picha hutoka na ukungu. Kwa mtoto anayekimbia, anza na 1/250 au zaidi.

3. ISO. Hii huifanya picha iwe angavu zaidi mwanga unapokuwa haba. Ukitoka 400 kwenda 800, mwangaza wa picha huongezeka maradufu. Ukizidisha sana, picha hujaa chengachenga.

Ukitumia simu, tafuta hali ya "Pro" kwenye kamera yake, kama ipo. Kwa kawaida tundu la simu halibadiliki. Utapanga kasi na ISO tu.

Mwanga wa London

Karibu na ikweta jua huchwa karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Hapa London, mwezi wa Desemba, huzama kabla ya saa kumi alasiri. Kwa hiyo picha za ndani zipige mchana, karibu na dirisha. Nje, siku ya mawingu, anza na ISO 200, f/8 na 1/250. Mawingu hayo yana faida: huondoa vivuli vikali chini ya macho.

Zoezi la wiki hii

Mketishe mtu ubavuni mwa dirisha, mwanga umguse shavu. Panga ISO 800, f/4 na 1/125. Piga, kisha tazama uso, usitazame ukuta. Uso ukiwa na giza, shusha kasi hadi 1/60. Bado? Panda hadi ISO 1600.

Ukitumia kipimo cha mwanga cha kamera, kisogeze karibu na uso mpaka uujaze. Kwa ngozi nyeusi sana, kipimo hicho hutoa picha angavu mno. Punguza hatua moja, mfano kutoka 1/60 hadi 1/125. Kisha rudi nyuma upige bila kubadili namba. Ziandike daftarini, mwanga kama huo ukirudi, utajua pa kuanzia.

Ukipenda kujifunza kwa macho, nenda Autograph, mtaa wa Rivington Place, Shoreditch. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1988 kuwainua wapiga picha weusi, na kuingia kwenye maonyesho yake ni bure. Simama mbele ya kila picha ujiulize: mwanga ulitoka upande gani?

Na kabla ya kumpiga mtoto wa mwenzio, muombe mzazi ruhusa kwanza.