Baa Jirani na Msikiti: Fiqhi ya Hisba Mbele ya Baraza la Jiji

 

Ndugu msomaji, katika darsa yetu ya Jumamosi muhula huu ndugu mmoja alileta habari ya mtaani kwao, katikati ya mji wetu wa Juba. Imefunguliwa baa hatua chache kutoka msikitini. Muziki unaanza Alasiri, na ikifika Isha imamu anasoma huku spika ya baa ikimjibu. Akauliza kama inafaa tuandike barua kwa Baraza la Jiji ili ifungwe. Wengi walisema papo hapo kwamba tuandike, hata kalamu ikatafutwa. Ndipo dada mmoja akauliza: ndani ya barua hiyo tutaandika nini? Tukiandika kwamba pombe ni haramu, atakayeisoma pale barazani huenda si Muislamu, na kwake yeye si haramu.

Sheikh wetu alicheka akasema hilo ni somo zima la hisba, mmoja wenu akaliandike. Ndiyo sababu ya makala hii.

Kwanza tukumbuke tunaishi wapi. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, ibara ya 8, inatenganisha dini na dola na kutaka dini zote zitendewe sawa. Ibara ya 23 inatulinda sisi tuwe na misikiti, tukusanyike na tuabudu. Hizi ibara mbili zinakwenda pamoja. Huwezi kushika ile ya 23 mkononi na kuitupa ile ya 8.

Tena kuna kumbukumbu ambayo Muislamu wa Juba hana haki ya kujifanya haijui. Septemba 1983 Rais Nimeiri alitangaza sheria zake Khartoum, pombe ikamwagwa katika Mto Nile mbele ya watu. Miaka iliyofuata, vita vilipowasukuma watu wa Kusini hadi pembezoni mwa Khartoum, akina mama wengi hawakuwa na kazi nyingine ya kulisha watoto ila kupika marisa na araki. Walivamiwa, wakachapwa viboko, wakajaa katika gereza la wanawake la Omdurman. Wengi wao hawakuwa Waislamu. Mkataba wa Amani wa 2005 ulipoandikwa, ilibidi uwekewe kifungu cha tume maalumu ya kulinda haki za wasio Waislamu katika mji mkuu. Leo sisi ndio wachache. Anayepokea barua yetu barazani huenda mama yake au shangazi yake ni mmoja wa wale. Atasoma neno "haramu" na kusikia fimbo.

Wako watakaosema hayo ni siasa, tuambieni dini inasemaje. Basi tuingie kwenye vitabu.

Imamu al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058) ameweka mlango wa mwisho wa kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya kuzungumzia hisba, yaani kuamrisha mema yanapoachwa waziwazi na kukataza maovu yanapotendwa waziwazi. Anamtofautisha muhtasibu aliyeteuliwa na dola na mtu wa kujitolea kwa njia tisa. Aliyeteuliwa ana wasaidizi, ana mamlaka ya kutia adabu, na watu humpelekea mashtaka yao. Wa kujitolea hana hayo. Sisi wanafunzi ni wa fungu la pili. Hatuna mamlaka juu ya mlango wa mtu, tuna ulimi na kalamu tu. Wenye mamlaka ya mji huu ni baraza, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009. Anayekwenda usiku kuvunja chupa hafanyi hisba ya aina yoyote inayojulikana katika mlango ule.

Jambo la pili: hisba inahusu kilicho dhahiri. Al-Ghazali katika Ihya anasimulia kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) aliyepanda ukuta wa nyumba na kumkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba yeye ameasi kwa moja, lakini Khalifa kwa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar akamwacha, akamtaka atubie. Kwa hiyo kinachotokea ndani ya baa nyuma ya pazia si mada ya barua yetu. Kinachotoka nje, sauti, walevi njiani, chupa katika mtaro, magari yanayoziba njia ya kwenda msikitini, hicho ndicho.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna hukumu ambayo wengi wetu hatuijui. Ikiwa Muislamu ameharibu pombe ya asiye Muislamu aliye katika himaya ya Uislamu, je, atailipa? Imamu Shafii na Imamu Ahmad wanasema halipi, kwa kuwa pombe haina thamani kisheria. Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik wanasema analipa, kwa kuwa kwao wenyewe ni mali. Waislamu wa Sudani zote mbili kwa kawaida ni Wamaliki. Wenzetu waliosomea Uganda na Kenya wamelelewa katika Ushafii, na darsani kwetu jambo hili lilizua mabishano marefu hadi adhana ya Adhuhuri. Ninachokiona mimi ni hiki: kama chini ya utawala wa Kiislamu imamu wa madhehebu ya watu wa hapa ameitambua kuwa ni mali ya mwenyewe, basi katika nchi ambayo sote ni raia sawa na dola si yetu peke yetu, ni kwa njia ya awla zaidi kwamba hatuwezi kujenga hoja yetu juu ya madai kuwa biashara ya mwenzetu haina haki yoyote.

Je, tunyamaze? Hapana, maana vitabu hivyo hivyo vinatupa hoja yenye nguvu zaidi, nayo ni dharari. Wanazuoni wa Kimaliki wameandika mengi juu ya madhara ya jirani. Ibn ar-Rami wa Tunis, karne ya nane Hijria, alikuwa fundi mwashi aliyetumwa na kadhi kwenda kutazama migogoro ya majengo, na kitabu chake kimejaa mambo hayo: moshi wa tanuri na hamamu, harufu ya kiwanda cha ngozi, mtikisiko wa kinu, dirisha linalochungulia uani kwa mtu. Tanuri la mkate ni halali kabisa. Hata hivyo kadhi anaweza kuliondoa iwapo moshi wake unamwingilia jirani. Swali halikuwa kazi hii ni ya halali au ya haramu. Swali lilikuwa: inamdhuru nani, kwa kiasi gani, na nani alikuwepo kwanza? Hoja ya namna hiyo meya Mkatoliki anaielewa sawasawa na kadhi wa Tunis.

Sasa tutazame pinzani za namna hii zilivyokwenda kwingine. Zanzibar, Agosti 2006, mkahawa wa Mercury's ulioko ufukweni Mji Mkongwe ulipanga sherehe ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa kisiwani humo 5 Septemba 1946. Jumuiya ya Uamsho ikaiandikia wizara inayohusika na utamaduni ikitaka sherehe izuiwe. Hoja zao zilihusu mtu mwenyewe: kwamba si Mzanzibari wa kweli, kwamba mwenendo wake hauafikiani na sharia, na kwamba kumhusisha na kisiwa ni kukidhalilisha. Sherehe ikafutwa. Wapo wanaouhesabu huo ushindi. Mimi nauliza umebakiza nini. Mkahawa uliendelea na jina lile lile na kazi ile ile. Hakuna kanuni ya kelele, ya saa wala ya mahali iliyotokana na pingamizi ile, kwa kuwa hakuna aliyeiomba. Na hiyo ni Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu. Juba hoja kama ile isingefika hata meza ya kwanza.

Nairobi ni kinyume chake. Huko wakazi walilalamika kwa lugha ya usingizi na kelele, si ya dini, na mwishoni mwa Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja akaagiza leseni za klabu za usiku zilizo katika makazi ya watu ziondolewe. Wenye klabu wakaenda Mahakama Kuu, nayo ikalisimamisha agizo. Hoja ya wakazi ilikuwa nzuri, ila agizo lilikuwa la jumla mno, likizikumba klabu zote kwa mpigo mmoja, mwenye kosa na asiye na kosa. Kwetu sisi hili ni la kuzingatia: tusimwombe meya amri ya ghafla, hata kama angependa kuitoa. Amri ya siku moja hufutwa siku moja.

Kenya hiyo hiyo ina jambo jingine la kujifunza. Sheria yao ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule za watoto walio chini ya miaka 18, na iwe na saa maalumu za kuuza. Haitaji msikiti wala kanisa. Inataja watoto. Nilipolisoma hilo nikaikumbuka madrasa ya jioni, ambayo iko ndani ya ua wa karibu kila msikiti wa Juba. Sisi tumekuwa tukisema "karibu na nyumba ya Mungu", na hapo jirani yetu anaweza kubisha. Tukisema "watoto wa miaka saba wanapita mlangoni pa baa saa kumi na mbili jioni na misahafu mikononi", sioni atakayebisha, hata mwenye baa.

Na sasa mfano ambao sisi wenyewe tulikuwa upande wa pili. Mwaka 2010 Waislamu wa New York walitaka kujenga kituo, baadaye kikaitwa Park51, katika jengo kuukuu mitaa miwili kutoka lilipokuwa jengo la World Trade Center. Umma ulichemka. Tarehe 25 Mei baraza la jamii la eneo hilo, ambalo kazi yake ni kutoa ushauri, lilikaa saa nyingi likisikiliza watu wakilia na kuzomeana, kisha kura 29 zikaunga mkono, moja ikapinga, na wajumbe 10 wakajizuia. Wapinzani wakajaribu njia nyingine: jengo litangazwe kuwa la kihistoria lisibomolewe. Tarehe 3 Agosti tume inayohifadhi majengo ya kale ilikataa kwa kura 9 kwa 0. Mbele ya tume swali lilikuwa jembamba: je, jengo hili kwa ujenzi na historia yake linastahili kulindwa? Uchungu wa watu ulikuwa wa kweli, wengine walifiwa, lakini haukugeuzwa kuwa kipimo cha nani ajenge wapi. Waislamu ulimwenguni kote tulishangilia. Haiwezekani tushangilie kipimo hicho Manhattan, halafu hapa Juba tutake kipimo cha chuki ya wengi au ya wachache.

Ndugu aliyeleta habari aliniambia baadaye kwamba hii ni kuficha dini. Sikubaliani naye. Barua itasema wazi kwamba sisi ni waumini wa msikiti fulani, na kwamba utulivu wa ibada ni haki yetu ya kikatiba. Hatufichi kwamba kwetu pombe ni haramu. Jambo hilo tutalisema kwenye mimbari na kwa vijana wetu tunaowakuta ndani ya baa hiyo, maana wapo, na kuwarudisha ni kazi ya nasaha, haihitaji muhuri wa baraza.

Ila kipimo cha kelele kina makali pande mbili. Al-Mawardi anamtaja muhtasibu anayemkataza hata imamu anayerefusha sala mpaka wanyonge na wenye shughuli wakadhurika. Msikiti wenyewe haukuwa nje ya hisba. Misikiti yetu mingine ina spika nne zinazorusha mawaidha yote ya usiku wa Ramadhani hadi kwa majirani wa Kator na Munuki wenye wagonjwa. Adhana ni adhana, lakini darsa ya saa mbili inaweza kubaki kwenye spika za ndani. Tusipoanza hapo, jibu la kwanza la mwenye baa litakuwa hilo, na litakuwa haki.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Kwa wiki mbili, waumini wachache waandike daftari: tarehe, saa muziki ulipoanza na kuzimwa, sala gani iliingiliwa, watoto wangapi wa madrasa walipita. Mmoja wetu wa kitivo cha sheria akatazame masharti ya leseni ya baa ile. Saini zisiwe za Waislamu peke yao; mama anayeuza chai pembeni na familia ya Kikristo iliyopakana na ukuta wa baa nao hawalali. Barua isiombe kufungwa. Iombe spika zielekezwe ndani, muziki uzimwe nyakati za sala za jioni na baada ya saa nne usiku, mlango uhamishiwe upande wa barabara kuu, na baraza lituite sisi na mwenye baa tusikilizwe pamoja.

Na kabla barua haijapelekwa, watu wazima wawili, mmoja wao imamu, wamfuate mwenye baa asubuhi kabla hajafungua. Wapitie mlangoni na watoe salamu.