Mzee hataki kiharusi chake kiandikwe

Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Kisauni, Mombasa. Mwakani mimi na mzee wangu tutatimiza miaka 40 ya ndoa. Kijana wetu anayefanya kazi Birmingham ametuandalia zawadi: siku saba kwenye meli ya kitalii kutoka Barcelona, kupitia Marseille, Genoa na Naples, kisha kurudi. Arubuni ashalipa. Pesa zilizobaki zitalipwa miezi mitatu kabla ya safari.

Mzee ana miaka 67. Ana presha, ana sukari ya vidonge, na mwaka juzi alilazwa siku tatu kwa kiharusi kidogo. Mkono ulirudi, maneno yakarudi, lakini tangu hapo hataki kabisa kuitwa mgonjwa. Mwezi uliopita daktari alimwongezea kidonge cha presha. Sasa fomu ya bima imefika na inauliza maradhi yote. Kijana anasema, "Mama, jibu hapana kila mahali. Ukisema ukweli bei itapanda, na huenda wakamkataa baba." Mzee anamuunga mkono. Anasema kiharusi kilikwisha na Mungu ndiye mlinzi.

Fomu najaza mimi, kwa sababu mzee macho yake hayapatani na simu. Na nina hofu nyingine ambayo sijawaambia: niliwahi kuona kwenye televisheni watu waliofungiwa melini kwa maradhi. Niseme ukweli niharibu zawadi ya mwanangu, au ninyamaze?

Mama wa Kisauni

Haya, mama. Hongera kwa miaka 40, na hongera kwa kijana anayekumbuka kuihesabu.

Najua unangoja nikupigie ile methali ya mficha maradhi. Sitaipiga. Mzee wako ameisikia tangu utotoni na haijamfaa kitu. Nitapiga hesabu.

Tuseme umejibu hapana kila mahali. Usiku wa tatu, meli ikiwa kati ya Marseille na Genoa, mzee anaamka mkono ni mzito. Chini kule kuna zahanati ya meli, yenye daktari na wauguzi usiku na mchana. Watampima presha na sukari, watampima moyo, watamtuliza. Lakini kitu cha kwanza anachohitaji mtu wa kiharusi ni picha ya ubongo, na mashine ya picha hiyo kwa kawaida haimo melini. Kwa hiyo atashushwa, ama bandarini ama kwa helikopta. Bili ya zahanati itaingizwa kwenye hesabu ya chumba chenu, pamoja na soda na picha mlizopigwa, na kadi ya benki iliyodhamini hesabu hiyo bila shaka ni ya kijana. Kisha meli itang'oa nanga, kwa sababu ina ratiba na abiria maelfu. Wewe utabaki Genoa na mabegi mawili, hujui Kiitaliano, unatafuta hoteli karibu na hospitali. Siku ya kurudi ikifika, huenda mzee akahitaji kusafiri na muuguzi, au kwa machela inayochukua viti kadhaa vya ndege.

Bima hununuliwa kwa ajili ya usiku huo. Na ofisi ya madai, kabla haijatoa hata senti, itaomba rekodi za mgonjwa kwa daktari wake wa Mombasa. Itakuta presha, sukari, siku tatu za kulazwa na kidonge cha mwezi uliopita. Halafu itafungua fomu uliyoijaza wewe.

Kijana wako anaishi katika nchi yenye sheria ya mwaka 2012 inayomtenganisha mteja aliyekosea kwa uzembe na aliyedanganya kwa makusudi. Wa uzembe anaweza kulipwa sehemu. Wa makusudi, kampuni inaruhusiwa kuufuta mkataba wote, kukataa kila dai, na hata kubaki na ada aliyolipa. Maana yake mzee akiteleza tu kwenye ngazi akavunjika mguu, jambo lisilohusiana kabisa na kiharusi, bado anaweza kunyimwa. Huku kwetu nako bima inasimama juu ya kuaminiana: mnunuzi anatakiwa aseme analolijua. Na nyinyi, mama, hamwezi kusema mlisahau. Mmelikalia kikao watu watatu.

Sasa kuna jambo ambalo barua yako haikuligusa, nami nina wasiwasi nalo kuliko fomu yenyewe. Hiyo bima ni ya wapi? Kama kijana anataka kuwaongeza kwenye bima yake ya mwaka mzima, mwambie asome tena masharti. Bima nyingi za safari zinazouzwa Uingereza ni kwa wakazi wa Uingereza. Mzazi anayeishi Kisauni anaweza kuandikwa jina, akalipiwa, na bado asiwe ndani ya mkataba. Nunueni Kenya, kwa kampuni yenye leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ili kipengele cha kurudishwa nyumbani kisomeke nyumbani kwa maana ya Mombasa, si Birmingham.

Na msichanganye na bima ya viza. Nchi zote tatu mtakazopitia ziko Schengen, na ubalozi utataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Mawakala wanaiuza kwa dakika kumi. Mimi mwenyewe niliwahi kuinunua, nikaikunja kwenye pasipoti, nikaja kuisoma wiki moja baada ya kurudi. Ilikuwa inanilinda dhidi ya kila kitu isipokuwa maradhi niliyokuwa nayo. Karatasi inayomridhisha ofisa wa viza si lazima iwatoshe nyinyi baharini. Muulize wakala, tena akujibu kwa maandishi: je, safari ya meli imo, au inanunuliwa kwa nyongeza? Helikopta imo? Mtu akifungiwa chumbani kwa amri ya daktari wa meli, analipwa chochote? Kwa umri wa miaka 67, kiwango cha fidia kinapunguzwa? Na mkikosa meli kwa sababu ndege imechelewa? (Fikeni Barcelona siku moja kabla. Meli haimngoji mtu.)

Kuna kampuni zitakazokubali kumchukua mzee kwa sharti la kukiacha kiharusi nje. Bei yake itakuvutia. Usiichukue. Mkataba unaofunika kila kitu isipokuwa kiharusi, kwa mzee wako, ni mwavuli wenye tundu juu ya utosi. Tafuta unaotaja presha, sukari na kiharusi kwa majina na kusema vimekubaliwa, hata kama ada imepanda. Na akibadilishiwa dawa tena kabla ya safari, ipigie kampuni simu. Mikataba mingi inataka hivyo.

Kidonge kile cha mwezi uliopita kitaulizwa. Kampuni za bima hazipendi ugonjwa ambao matibabu yake yamebadilika juzi juzi. Zinataka kuona ametulia. Hapa mna bahati moja. Tarehe ya kuiogopa kwenye safari yenu si ile ya kupanda meli, ni ile ya kumalizia malipo. Kabla ya hapo, mkivunja safari mtapoteza arubuni, basi. Baada ya hapo makato hupanda kadiri safari inavyokaribia, na wiki za mwisho pesa huenda zote. Kwa hiyo mpelekeni mzee kliniki mwezi huu, mwambieni daktari wazi kwamba ni ndege ya masaa mengi na siku saba majini, na aandike barua: maradhi, dawa kwa majina ya dawa zenyewe wala si yale ya kibiashara, na kama anaona anafaa kusafiri. Akisema hafai, mtakuwa mmejua mapema. Akisema anafaa, nunueni bima mara moja, msingoje mwezi wa safari, kwa sababu fidia ya kuvunja safari kwa ugonjwa huanza siku ulipolipa bima. Kusema kweli ilitakiwa inunuliwe siku ile ile ya arubuni.

Tuje kwenye hofu yako ya televisheni. Nadhani uliiona meli ya Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama Februari 2020. Ilikuwa na watu 3,711, na 712 kati yao waliambukizwa korona. Sitakwambia kwamba haiwezi kutokea tena. Lakini maradhi yanayojulikana zaidi melini ni ya tumbo, norovirusi, ya kutapika na kuharisha kwa siku mbili tatu. Huenea kwa mikono, kwa vijiko vya kugawia chakula, kwa vishikio vya ngazi. Ile dawa ya kupaka mikononi wanayokupulizia mlangoni mwa ukumbi wa chakula haiiwezi sana. Norovirusi huondoka kwa maji na sabuni. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku ashalizoea bomba, aongeze sabuni tu kabla ya kula.

Kijana mwenye afya ataugua na kupona. Mzee wako ni habari nyingine, maana kutapika kunakausha mwili, na kuna vidonge vya presha na vya sukari ambavyo madaktari husimamisha kwa muda mtu anapokaukiwa maji. Muulizeni daktari kliniki hiyo hiyo ni vipi, na awaandikie. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, na za wiki moja ya ziada.

Siku ya kupanda meli mtapewa fomu nyingine fupi: je, umetapika, umeharisha, una homa? Ukisema ndiyo, wanaweza kukuzuia. Kijana atawaambia tena mjibu hapana. Muulize wakala tangu sasa kama bima inalipa mkizuiliwa gatini.

Na lile ambalo hukuliandika, nami nimelisoma katikati ya mistari: akifia huko? Meli kubwa zina chumba cha baridi, na mkataba mzuri una kipengele cha kurudisha mwili. Kisome wewe mwenyewe, uone kiasi gani na nani anayepigiwa simu. Mtu wa Pwani anayetaka mazishi ya haraka asiiachie familia kazi ya kuuliza siku hiyo.

Nimebakiza mzee. Umeniuliza kama useme ukweli au unyamaze, na mimi nashangaa kwa nini uchaguzi huo umekuwa wako. Mwili ni wake, kiharusi ni chake. Kijana na baba yake wamepatana, halafu uongo wakakupa wewe uuandike kwa kidole chako, ili siku ya Genoa lawama zijue pa kuanzia. Warudishie.

Mwanamume aliyepata kiharusi mkono ukarudi ana haki ya kulionea fahari jambo hilo. Huenda hakuna aliyemwachia asimulie hivyo. Kila mtu anamtajia ugonjwa kama anamtajia deni. Kumwambia wakala "nilipata kiharusi, nikapona, natembea, nameza dawa zangu" si kujiita mgonjwa. Na Mungu ni mlinzi, sina neno hapo, ila hata ngamia hufungwa kwanza.

Kijana mwandikie ujumbe mfupi, usimgombeze. Mwambie umeshukuru na kwamba bima halisi ya baba yake ni sehemu ya zawadi, kama tiketi ilivyo. Akiona haiwezekani, pesa zile zile zitawapeleka Lamu au Unguja siku kumi, yeye aje naye, na mtakuwa bado mmeiona bahari. Sioni kama zawadi itakuwa imeharibika.

Leo baada ya isha mkalishe mzee barazani, mpigie wakala, uweke simu kwa sauti ya juu katikati yenu. Maswali aulizwe yeye na ajibu yeye. Likija swali la dawa, usimtajie. Mpe pakiti aisome. Herufi zikimshinda, miwani yake bila shaka iko juu ya friji, ulipoiweka wewe.